Watoto wa Sisibo

Nyumba ya Kipchoge na Phyllis Keino haikuanza kama kituo. Ilikuwa nyumba ya mtu na mkewe na watoto wao, kama nyumba nyingine za Eldoret ya miaka ya 1970, isipokuwa mwenye nyumba alikuwa na medali nne za Olimpiki, na watu waliokaa kula chakula cha jioni walizidi kuongezeka. Phyllis alikuwa muuguzi kwa taaluma. Mumewe alikuwa mkufunzi wa mazoezi katika polisi kabla mbio hazijamtoa huko. Walipokea mtoto mmoja asiye na pa kwenda, kisha mwingine, na habari za nyumba ambayo haifukuzi mtoto hazihitaji gazeti ili zienee.

Keino alijua mtoto wa namna hiyo anajisikiaje. Alizaliwa 1940 huko Kipsamo, Nandi, mama yake akafariki yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na jamaa. Siku zile hilo halikuwa jambo la kuandikiwa habari. Mtoto wa marehemu alikuwa mtoto wa ukoo. Baba mdogo alikuwepo, shangazi alikuwepo, na swali halikuwa kama atalelewa bali katika boma lipi. Mtoto huyo wa ukoo akakua akawa mkimbiaji. Oktoba 1968, mjini Mexico City, maumivu ya nyongo yalimwangusha Keino katika mbio za mita 10,000. Daktari akamwambia apumzike. Hakupumzika. Alichukua fedha ya mita 5,000, na tarehe 20 akamwacha Mmarekani Jim Ryun nyuma kwa mbali katika mita 1,500 na kuchukua dhahabu. Miaka minne baadaye, Munich, akaongeza dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na fedha ya mita 1,500. Baada ya hapo alikimbia riadha ya kulipwa Marekani kwa muda, akarudi, na maisha yake yakajikita katika mashamba ya kando ya Eldoret.

Shamba lililolisha watoto hao aliliita Kazi Mingi, na jina hilo halikuwa mzaha. Watoto wa kuzaa walikuwa saba. Wale wa kupokea walipita makumi, na kwa miaka yote hesabu ilivuka mia. Mwaka 1987 jarida la michezo la Sports Illustrated la Marekani lilimweka Keino miongoni mwa wanamichezo wa mwaka, safari hiyo si kwa kasi bali kwa kujali watu. Alipoulizwa sababu, jibu lake kwa miaka mingi lilikuwa lilelile: alikuja duniani mikono mitupu, ataondoka mikono mitupu, na hapa katikati ana wajibu kwa anayehitaji. Mkristo yeyote aliyekaa ibadani anajua maneno hayo yalichotwa kisima gani.

Nimetanguliza nyumba hii kwa makusudi. Katika historia ndefu ya Wakristo wa Afrika Mashariki na watoto wahitaji, nyumba ya namna hii ndiyo iliyo adimu. Kilichozoeleka ni uwanja wenye ukuta, bweni, kanisa katikati, na kengele.

Tukitaka kujua kengele hiyo ilianza kulia wapi, lazima tushuke pwani. Agosti 1864 Askofu William Tozer na Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA walifika Unguja. Muda si muda Sultani Majid akawakabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Watano hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa shule ambayo baadaye ilijulikana kama Kiungani. Mmoja wao, John Swedi, akapewa ushemasi mwaka 1879. Wasichana walipelekwa Mbweni. Ng'ambo ya bahari, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha waliokombolewa. Wengi wa wakazi wake wa mwanzo walikuwa watoto walionunuliwa kwa fedha zilizochangwa Ulaya, zikiwemo senti za watoto wa Kikatoliki waliofundishwa kuwahurumia wenzao wasiowajua. Mwaka 1875 chama kingine cha Kianglikana, CMS, kilifungua Frere Town ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kengele yake ipo hadi leo, na makondakta wa matatu za Kisauni wanaita abiria wa Kengeleni bila kuwaza waliokuwa wakiitwa kwa mlio wake.

Kazi ile ilikuwa ya huruma, na asiyekubali hivyo hajasoma biashara ya watumwa ilivyokuwa. Mtoto aliyeteremshwa jahazini hakuwa na kwao kwa kurudi: kijiji kilichomwa, wazazi waliuawa au waliuzwa kwingine, na mara nyingi lugha yake haikujulikana pale. Lakini watoto wale wale ndio waliolima mashamba ya misheni, ndio walioimba kwaya, ndio waliooana wenyewe kwa wenyewe kwa mipango ya mapadre na kuzaa Wakristo wa kizazi cha pili. Wenyeji wa pwani, Waislamu wa miji ya zamani, hawakuwa na haja ya dini mpya. Mtoto alilihitaji kanisa, na kanisa lilimhitaji mtoto. Mahitaji hayo mawili yamesafiri pamoja tangu wakati huo, na si rahisi kuyatenganisha.

Uwanda wa Uasin Gishu uliingia katika hadithi hii kwa kuchelewa. Mwaka 1908 Makaburu zaidi ya 200 kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walishuka Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakakokota mikokoteni ya ng'ombe katika matope hadi uwandani huko. Posta ilijengwa katika shamba namba 64, sixty-four kwa Kiingereza, na ndiyo maana wazee mpaka leo wanasema wanaenda Sisibo. Jina la Eldoret likawa rasmi 1912. Makaburu walikuja na kanisa lao na walihakikisha watoto wao wanasoma. Watoto wa vibarua Waafrika waliokaa katika mashamba hayo walichunga ng'ombe na kuchuma pareto. Hospitali ndogo ya Waafrika ilianza 1917. Misheni za Africa Inland na za Kikatoliki zilijenga shule katika maeneo ya Nandi, Elgeyo na Marakwet, na kanisa la Kireformed likaja kufanya kazi miongoni mwa vibarua wa mashamba. Yatima hakuwa mada kuu. Ukoo ulikuwa bado una nguvu, na misheni ilikuwa na shughuli ya kufundisha madarasa.

Nyumba za watoto za kisasa zilianzia Nairobi, na zilizaliwa na vita. Hali ya hatari ya vita vya uhuru, miaka ya 1950, iliwamwaga watoto wa Wakikuyu mitaani, baba yupo kizuizini, mama kijiji cha lazima. Chama cha Ustawi wa Watoto kiliundwa 1955, na mwaka 1959 Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu wakafungua Starehe katika mabanda ya mabati. Mfano huo wa mabweni, ratiba na ufadhili kutoka nje ulienea baada ya uhuru, na mji wowote uliokua haraka ulijikuta nao siku moja.

Eldoret ilikua haraka. Miaka ya 1970 na 1980 ilileta viwanda vya nguo, Rivatex na Raymond vikiwa vikubwa, halafu Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984. Watu walikuja kutoka Kakamega, Bungoma, Kisii, Murang'a na Turkana kutafuta kazi, wakapanga katika mitaa ya Langas, Huruma na Munyaka. Mtu aliyehamia mjini aliacha ukoo nyumbani. Viwanda hivyo vilipoyumba mwishoni mwa miaka ya 1990, mama aliyefanya kazi ya kushona alibaki na chumba cha kulipia kodi na watoto wanne, bila shangazi wa kumpelekea hata mmoja. Wa kwanza kutoka nje alikuwa mvulana wa miaka tisa au kumi, ambaye alijifunza kubeba mizigo sokoni na kuokota chupa. Mji ulimpa jina la chokoraa. Chupa ya gundi ilimpa usingizi usio na njaa.

Juu ya hayo yakaja mapigano ya kikabila. Mwaka 1992 mji mdogo wa Burnt Forest uliungua. Askofu Cornelius Korir, aliyewekwa kuongoza Jimbo Katoliki la Eldoret mwaka 1990, hakuwa amekaa muda mrefu kitini kabla ya uwanja wa kanisa kugeuka kambi. Na ukimwi tayari ulikuwa ndani ya nyumba.

Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la taifa Novemba 1999, miaka 15 hivi baada ya mgonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini. Kufikia hapo ugonjwa ulikuwa umeshavunja ukoo, kitu ambacho vita vya uhuru, ukabila na umaskini havikukivunja. Vita huua baba. Ukimwi uliua baba, kisha mama, kisha baba mdogo aliyewapokea watoto, kisha shangazi. Bibi ndiye aliyebaki. Katika vijiji vya Nandi na Uasin Gishu, kogo, yaani bibi, wa miaka 70 alirudi kuwa mama, anasonga ugali wa watu saba, anauza ndama ili alipe sare ya shule. Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa Januari 2003, wajukuu hao walijaa madarasani kwa mara moja. (Mwaka uliofuata, Kapkenduiywo, nje kidogo ya Eldoret, mzee Kimani Maruge wa miaka 84 alivaa kaptura na soksi ndefu akajiandikisha darasa la kwanza, shule moja na wajukuu wake. Alisema mojawapo ya sababu ni kwamba alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, maana hakuwa na hakika mhubiri anasema yaliyomo.)

Hospitali ya mwaka 1917 sasa ilikuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na chuo cha udaktari kilikuwa na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2000 daktari mmoja kutoka Indiana, Joe Mamlin, alimkuta wodini mwanafunzi wa udaktari akiwa amebaki mifupa. Dawa za kupunguza makali zilikuwepo duniani, lakini kwa Mkenya wa kawaida bei yake ilikuwa sawa na kuambiwa hazipo. Zikatafutwa pesa, zikanunuliwa dawa za mtu mmoja, na mtu huyo akainuka, akarudi darasani. Kutokana na kitanda hicho kimoja, mwaka 2001 ulizaliwa mpango wa AMPATH, ulioanza Eldoret na kituo cha afya cha Mosoriot, na ambao baadaye ulitibu watu kwa makumi ya maelfu. Katika historia ya yatima wa Eldoret, huenda hakuna kilichofanya kazi kubwa kuliko hiki, ingawa hakikuitwa mpango wa yatima. Mama aliyepata dawa alibaki hai, na mtoto wake hakuwa yatima. Madaktari wakagundua pia kwamba dawa haikai katika tumbo tupu, wakaanza kulima mboga na kugawa chakula.

Wakati mumewe akishughulikia wodi ya watu wazima, Sarah Ellen Mamlin aliingia wodi ya watoto. Mtoto mgonjwa katika hospitali ya umma siku zile alilala akitazama dari. Wengine walikuwa wamepona lakini hawakuwa na wa kuwachukua: mama alifia wodi ya pili, au alimwacha mtoto kitandani na kuondoka kimya kimya usiku. Sarah Ellen akaanzisha mahali ndani ya hospitali pa kucheza, kusoma vitabu na kupakatwa, pakaitwa Kituo cha Sally Test. Watumishi wake walikuwa Wakenya, na kazi waliyopewa haikuandikwa katika kitabu chochote cha udaktari: kukaa sakafuni na mtoto. Anayedharau kazi hiyo hajawahi kuona mtoto wa miaka miwili ambaye hajapakatwa kwa mwezi mzima. Halii. Anakutazama tu, hata ukimnyooshea biskuti.

Baada ya 2000 nyumba za watoto zilichipuka Eldoret kama uyoga baada ya mvua. Nyingi zilikuwa za Kikristo, na hadithi ya kuzaliwa kwake ilifanana. Mchungaji au mama mmoja wa kanisa anawapokea watoto watatu waliofiwa na jirani. Chumba hakitoshi. Anakuja mgeni kutoka Marekani au Uholanzi kwa mkutano wa injili, anawaona, anatokwa na machozi, anarudi kwao na kuhubiri. Yakobo, sura ya kwanza aya ya 27, ile ya kuwatazama yatima na wajane, inasomwa katika makanisa mawili yaliyo katika mabara mawili, na fedha zinaanza kuja kwa mwezi, kila mtoto na mfadhili wake, kila mfadhili na picha yake. Nyumba inakodishwa, kisha kiwanja kinanunuliwa, kisha bweni linajengwa na bango linasimama barabarani. Wale watatu wanakuwa 40.

Hapo ndipo hesabu inabadilika kimya kimya. Fedha iliyotolewa kwa jina la mtoto inafuata kitanda. Mtoto akirudi kwa shangazi yake Kapsabet, fedha haiendi Kapsabet. Mwalimu anayelipwa na kituo, mpishi, mlinzi na dereva wote wanakula kwa sababu vitanda vimejaa. Hakuna mtu aliyekaa kikao na kupanga uovu, wengi wa watu hawa walilala njaa ili watoto wa kituo wale, lakini kituo kilichoanzishwa ili mtoto apate nyumba kilikuja kuhitaji mtoto asiye na nyumba. Na bibi kijijini, aliyeona mjukuu wa jirani akivaa viatu na kusoma shule ya kulipia, alimshika wake mkono akampeleka pia. Mtoto huyo alikuwa na bibi, na mara nyingi mama. Alichokosa kilikuwa karo.

Makanisa ya mitaani nayo yalipata desturi yake. Jumapili moja katika msimu, washirika wa kanisa la mtaa kama West Indies, Kapsoya au Pioneer wanajaza basi dogo na kwenda kutembelea watoto. Chama cha akina mama kimechanga bale mbili za unga, mafuta ya kupikia ya lita 20, sabuni ya mche, sukari, na sodo kwa wasichana wakubwa, kitu ambacho kamati ya wanaume ilikisahau. Watoto wamepangwa mistari, wanaimba nyimbo mbili na shairi moja walilolikariri. Mwenyekiti wa vijana anasema 'machache', ambayo ni mengi. Kila kifurushi kinakabidhiwa mbele ya kamera ya simu. Wanakula mkate na soda, mtoto mdogo analala katika mapaja ya mgeni asiyemfahamu, na saa kumi basi linaondoka. Watoto wanajua jinsi ya kuaga wageni. Wamefanya hivyo wiki iliyopita na watafanya wiki ijayo. Siwacheki. Unga ule huliwa. Ila karibu kila mmoja katika basi lile anaye mpwa au binamu kijijini aliyeacha shule kwa kukosa sare, na hakuna basi linalokwenda huko.

Kisha ikaja Desemba 2007. Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa tarehe 30 na Eldoret ikawaka usiku huohuo. Kule Kiambaa, kilomita chache kutoka mjini, familia za Wakikuyu ziliwaingiza akina mama na watoto ndani ya kanisa la Kenya Assemblies of God, na magodoro yao, kwa imani ya kale kabisa kwamba hakuna anayegusa kanisa. Tarehe 1 Januari 2008 vijana walilizingira na kulichoma moto. Waliokufa, ndani na baadaye hospitalini, walikuwa makumi, wengi wao wanawake na watoto. Walioteketea walikuwa Wakristo, na huenda waliowasha moto nao pia.

Mjini, Askofu Korir alifungua lango la Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Watu wapatao 10,000 walilala katika uwanja wake, na maelfu wengine walijaa uwanja wa maonyesho ya kilimo. Kwa wiki kadhaa kazi ya kanisa ilikuwa ya mikono: kupata maji, kuchimba vyoo, kugawa maziwa, kutafuta mama wa mtoto aliyeshikwa mkono na mtu asiyemjua katika msongamano. Watoto waliopotezana na wazazi waliandikwa majina, wale waliojua majina yao. Wapo waliopatikana baada ya miezi. Wapo walioishia katika vituo, na wapo walioishia barabarani, kwani kambi zilipovunjwa si kila familia ilikuwa na shamba la kurudia.

Njia ya Korir baada ya hapo inanivutia kuliko hotuba zote zilizotolewa na waheshimiwa. Hakuanza na mkutano wa viongozi. Alianza na watu wachache wa kabila moja, wakasema maumivu yao peke yao, kisha wachache wa kabila la pili, kisha akawakutanisha, kisha akawatafutia kitu cha kutumia pamoja, josho la ng'ombe, barabara, au shule iliyoungua. Mambo hayo aliyaandika katika kitabu kidogo alichokiita Amani Mashinani, kilichotoka 2009. Shule ilikuwa kiungo chenye nguvu kwa sababu rahisi: mzazi wa Kikalenjin na wa Kikuyu wote walitaka mtoto asome, na mwalimu hakuweza kufundisha nusu ya darasa. Korir alifariki Oktoba 2017.

Wakati huohuo watafiti wa AMPATH, wakiongozwa na Paula Braitstein na Samuel Ayaya, walikuwa wameamua kufanya kitu ambacho mahubiri hayafanyi, yaani kuhesabu. Kuanzia mwaka 2010 hivi walifuatilia watoto waliofiwa au kutengana na wazazi katika kaya 300 za Uasin Gishu, pamoja na vituo 19 vya kulelea watoto, na wengine waliokaa mitaani. Matokeo hayakumfurahisha mtu mwenye msimamo mkali upande wowote. Kwa mahitaji ya mwili, yaani chakula, nguo na blanketi, watoto wa vituo mara nyingi walikuwa na hali bora kuliko wenzao waliolelewa na jamaa. Kwa wale waliokuwa wakihubiri kwamba kila kituo ni gereza, hilo lilikuwa pigo. Lakini lilisema pia jambo kuhusu fedha: ilikuwa imefika kwenye bweni na haikufika kwa bibi. Ukimpa kogo kiasi kilichotumika kwa kitanda kimoja cha kituo, ni blanketi ngapi angenunua? Serikali ilikuwa imejaribu kujibu kwa ruzuku ya yatima iliyoanza kwa majaribio 2004 katika kaya 500 za Kwale, Garissa na Nairobi, shilingi 500 kwa mwezi. Baadaye ikapanda hadi 2,000, ikilipwa kwa mkupuo na mara nyingi kwa kuchelewa.

Upepo wa sera ulikuwa unageuka. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya. Kwa hesabu zilizotajwa sana wakati huo, Kenya ilikuwa na vituo zaidi ya 800 na watoto zaidi ya 40,000 ndani yake. Mwaka 2022 ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi wa kubadilisha malezi, na Julai mwaka huohuo ikatiwa saini Sheria mpya ya Watoto, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Sheria inaweka familia mbele: kwanza wazazi, kisha jamaa, kisha familia ya kambo au ya kuasili, na imetambua kafala ya Waislamu pia. Kituo ni hatua ya mwisho na ni ya muda.

Nyumba ya Keino, iliyokuwa imekua ikawa Lewa Children's Home na shule kando yake, ilipewa heshima ya mwisho ya zama zile. Tarehe 5 Agosti 2016, katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio, Keino alikimbia uwanjani akizungukwa na watoto wenye vishada, akapewa tuzo mpya ya Kamati ya Olimpiki, mtu wa kwanza kuipokea. Miezi 15 baadaye mtu aliyetaka kuanza kama yeye alivyokua, yaani kugeuza nyumba yake kuwa kituo, asingesajiliwa. Lakini aliyetaka kuanza kama yeye alivyoanza, kwa kumpokea mtoto mmoja sebuleni, sheria ingeweza kumwidhinisha awe mlezi wa kambo. Wachungaji niliowasikia wakilalamika kuhusu sheria hii hawajaitofautisha milango hiyo miwili. Wanasema serikali imefunga wito. Wito bado uko wazi. Kilichofungwa ni bweni.

Hata hivyo malalamiko yao yana upande wa haki. Kumrudisha mtoto kwa jamaa si kumpakia katika matatu. Afisa wa watoto wa kaunti anapaswa kuitafuta familia, kuitembelea, kuiandaa, kisha kurudi mara kadhaa kuangalia, na maafisa ni wachache, na Turkana ni mbali. Mtoto aliyekaa kituoni miaka tisa hajui Kikalenjin wala Kiturkana cha nyumbani kwao. Anajua Kiswahili, Kiingereza na nyimbo za Jumapili. Binamu zake wanamwona mgeni mwenye viatu. Kuna vituo vilivyogeuza mabweni kuwa shule za kutwa na kuanza kuzisaidia familia zenyewe kwa karo na chakula, na ndivyo vinavyoonekana kuelewa.

Na wapo waliokwisha kuwa watu wazima. Kijana aliyelelewa kituoni anafikisha miaka 18, kitanda kinatakiwa na mwingine, anatoka na sanduku la bati na cheti cha mtihani. Kitu cha kwanza anachohitaji ni kitambulisho, kwani bila hicho hakuna kazi, hakuna laini ya simu kwa jina lake, hakuna akaunti. Anaenda kwa chifu. Chifu anamtaka kitambulisho cha baba au cha mama, jina la ukoo, jina la kijiji na mzee wa kijiji atakayemtambua. Yeye aliingia kituoni na miaka miwili, na jina lake la pili alipewa na mpishi. Anarudishwa aende akalete wazee. Mchungaji wake yuko tayari kumsindikiza, amevaa kola, amebeba faili ya kituo yenye mihuri, na wanakaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu saa mbili asubuhi pamoja na waliokuja na baba zao.